Siku moja maishani mwangu: afisa habari wa chama cha wafanyakazi

Saa 11:30 alfajiri. Makundi ya WhatsApp ya matawi hayalali, hasa ya viwanda vyenye zamu ya usiku. Leo tawi la kiwanda kimoja cha nguo linauliza jambo lile lile kila baada ya dakika mbili: "Tunagoma lini?" Namwandikia katibu wa tawi mistari mitatu aisome zamu zinapopokezana saa 12. Usuluhishi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi nchini Tanzania, umekwisha bila makubaliano. Kura inaandaliwa. Hakuna anayeacha mashine mpaka atangaziwe. Mwanachama akizisikia habari za chama chake redioni kabla ya kumsikia katibu wake, tumeshaharibu.

Saa 1:15, magazeti. Nasoma vichwa vya habari na sentensi ya kwanza tu, maana wengi huishia hapo. Nalitafuta neno "mgomo". Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mgomo halali una ngazi zake: mgogoro uwe wa kimaslahi (wa kudai jambo jipya, kama nyongeza ya mshahara, si haki iliyopo tayari), usuluhishi upewe siku 30 (huongezwa pande zikikubaliana kwa maandishi), kura ipigwe na wengi waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Gazeti likiandika "wafanyakazi wagoma" kabla ya kura, kipande hicho kitaambatishwa kwenye barua ya mwanasheria wa mwajiri. Ndiyo maana sisi tunasema "mgogoro", "kura" na "notisi", kila neno kwa siku yake.

Saa 3, rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari. Ukurasa mmoja, maneno yasizidi 300. Aya ya kwanza: nani anadai nini, na tumefika hatua gani. Ya pili ni hesabu, na hapa ndipo pa kukaa. "Nyongeza ya asilimia 15" haitoshi. Asilimia 15 ya nini? Maneno "ya mshahara wa msingi" yakidondoka, mwenye msingi wa Sh 300,000 na posho za Sh 100,000 atasubiri Sh 60,000 wakati madai ni Sh 45,000. Hiyo 15,000 ya katikati atakuja kuidai chamani, si kwa mwajiri. Aya ya mwisho ni nukuu ya Katibu Mkuu, sentensi mbili fupi. Namwomba azisome kwa sauti. Akikwama, kosa ni langu, naandika upya.

Saa 4:30, saini na muhuri. Wengi huskani karatasi, wakaituma, basi. Skani ni picha, maneno yake hayakopiki kirahisi. Mwandishi yuko kwenye daladala, anachapa upya kwa kidole gumba, 15 inageuka 51. Kwa hiyo vinakwenda viwili: karatasi yenye muhuri kama uthibitisho, na maneno yale yale kama ujumbe wa kawaida.

Saa 5, waandishi wanafika. Ukiwaita saa 9 alasiri, wa magazeti watakuwa wanakimbizana na muda wa kufunga kurasa. Kabla ya kurekodi, zima feni. Chumbani huisikii, redioni inanguruma kama mashine ya kusaga. Jasho litavumilika.

Saa 8 mchana, picha za tawini. Sheria inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama, lakini kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo sababu ni safari ndefu, na mwenye safari hiyo hana mshahara. Kwa hiyo napendelea picha zisizo na sura: mikono kwenye kitambaa, au migongo getini. Beji na namba ya mashine nafuta. Aliyekubali uso wake utoke anasaini idhini, kisha naangalia nyuma yake: mara nyingi kuna mwenzake ambaye hakuulizwa.

Jioni ni simu tu za kusahihisha vyeo vya viongozi vilivyokosewa.

Saa 2 usiku, taarifa ya habari. Nasikiliza rasimu ikiwa mkononi. Mtangazaji akisema "watagoma", nampigia mhariri wa zamu papo hapo, kwa upole, nikiwa na neno mbadala tayari: "watapiga kura". Kulalamika bila kumpa la kuweka ni kumpotezea muda.

Saa 3:40, mistari mitatu ya alfajiri inatumwa tena kwa katibu wa tawi. Zamu ya usiku inaingia saa 4.