Mota kubwa, giya ndogo
Hatimaye lori langu la rimoti limepata mota kubwa! Kuifunga ilikuwa rahisi, kazi ilikuwa kwenye giya. Mwanzo niliacha pinioni (giya ndogo ya kwenye mota) ya meno 20 izungushe giya kubwa ya meno 54. Mbio zilikuwa za ajabu, ila baada ya dakika 5 mota ilichemka hata kidole hakikai. Nikashuka hadi meno 15, yaani mota inazunguka mara 3.6 kwa mzunguko mmoja wa giya kubwa. Mbio zimepungua, lakini kilima linakipanda bila kuhema, na mota ina uvuguvugu tu.

Nafasi kati ya meno ya giya hizo mbili niliipima kwa karatasi: bana kipande katikati, kaza skrubu za mota, zungusha giya kitoke. Kikitoka na mikunjo bila kuchanika, giya zimekaa sawa. Jamani, ile sauti ya giya zilizokaa sawa naipenda mno!