Mteremko wa Kwanza Uliniangusha Mimi Mwenyewe

Nianze na siku niliyoanguka. Hapa Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, kisa hicho kinajulikana kuliko kazi yenyewe ya kumtengenezea mwenye kiti cha magurudumu njia ya kuingia nyumba ya kale, na nisipokisimulia mimi utasimuliwa na wazee wa baraza, nao hawajui kutia chumvi kwa kipimo.

Mimi ni fundi wa majumba. Nilisomea ujenzi Mombasa, nikarudi Lamu kutengeneza nyumba za kale: kupiga lipu ya chokaa, kutoa boriti za mikoko zilizoliwa na mchwa na kutia nyingine, kuziba mvujo wa dari. Kazi hiyo naijua. Kwa hiyo kikundi cha kina mama wanaoshona kofia kilipokodi nyumba moja ya kale, wakaniita na kuniambia mwenzao mmoja anatumia kiti cha magurudumu na wanataka aingie mwenyewe bila kubebwa, niliangalia ngazi, nikakuna kidevu, nikawaambia siku tatu.

Ilichukua miezi minne.

Mwenye kiti ni mama wa makamo, polio ilimpata utotoni. Mtaa mzima unamwita Shangazi, nami nitamwita hivyo hivyo. Mkono wake katika kofia za vito huna wa kuufananisha, na ulimi wake ni mkali kama sindano yake.

Nyumba yenyewe iko hivi. Kutoka njiani unapanda ngazi mbili za mawe, jumla sentimita 34, unafika kwenye daka, yaani kibaraza cha mbele ya mlango. Mbele yako mlango wa nakshi wa mbao mbili, na chini ya mlango kizingiti kimesimama sentimita 10. Ukikiruka uko tekani, chumba cha kuingilia, sakafu ni ile ile ya daka. Mimi nikaziona zile 34 tu. Kizingiti sikukihesabu kabisa. Nimevivuka vizingiti tangu nijue kutembea. Kwangu kizingiti ni kama kope la jicho, unalo na hulioni.

Basi nikajenga mteremko wa saruji, moja kwa moja kutoka mlangoni kuelekea njiani, urefu mita moja na kidogo. Ningeurefusha ningeziba njia, na punda wa mchanga wangepita wapi? Nikausawazisha, nikaupiga mwiko ukang'aa kama kaure. Asubuhi ya siku ya tatu nikasema nitaujaribu mimi mwenyewe kabla ya Shangazi, ili watu waone kazi ya fundi.

Nikaazima kiti chake. Nimevaa kikoi, na hilo lina maana yake baadaye. Wazee wako baraza ya pili, dele la kahawa liko jikoni. Nikashika magurudumu, nikajisukuma kwa nguvu. Gurudumu dogo la mbele likapanda, mgongo wangu ukalala nyuma, nikasukuma tena, na hapo magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi. Kuna kitambo kidogo ambacho kiti kinasimama kwa magurudumu mawili ya nyuma, nawe unaiona mbingu yote ya Lamu kati ya kuta mbili, nyembamba kama utepe, na unajua kabisa kitakachofuata. Nikaenda chali. Kisogo kikagonga gunia la mchanga, namshukuru Mungu kwa gunia hilo. Miguu juu. Kikoi… tuache ya kikoi. Mzee mmoja akaweka kikombe chini pole pole, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ndia ni ya kwenda ndani au ya kwenda mbinguni?"

Shangazi hakucheka. Alikiangalia kiti chake kwanza, akakigeuza, akazungusha gurudumu, akaona kizima, ndipo akacheka.

Wiki iliyofuata ikanyesha mvua ya masika. Mteremko wangu ulikuwa umekaa juu ya mtaro unaopita kando ya ukuta, nami niliuziba bila kufikiri. Maji yakakosa njia, yakaingia kwenye daka la jirani na kuchukua viatu vya watoto. Siku ya pili akaja afisa wa uhifadhi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kubandika saruji mbele ya nyumba kama unavyobandika tangazo. Nilijua. Nilidhani kitu kidogo hakihitaji ruhusa. Akaniambia nivunje, nikavunja kwa nyundo ile ile, na saruji ikang'oka na kipande cha lipu ya zamani. Saruji na ukuta wa matumbawe hawaelewani: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukaoza ukiwa umevaa nguo nzuri. Kulitengeneza lile jeraha kwa chokaa kulinila fedha kuliko mteremko wenyewe.

Hapo ndipo washauri walipofurika.

Mtaalamu mmoja wa bara, rafiki wa rafiki, alinitumia mchoro kwa simu. Mchoro safi, una vipimo vyote, na pembeni ameweka maegesho ya gari la mlemavu, upana mita tatu na nusu. Njia yenyewe ina mita mbili na nusu na ushei! Kwetu hata punda wawili wenye makanda wakikutana, mmoja hurudi nyuma kwa adabu. Nikamwuliza gari litapita wapi, akasema hiyo ni ya kukidhi kanuni. Sikumjibu tena. Lakini nisimnyime haki yake: ni yeye aliyenitia kichwani kipimo cha 1 kwa 12, kwamba kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Nikaupima kwa kumbukumbu ule mteremko wangu uliovunjwa. Ulikuwa 1 kwa tatu na nusu. Ile haikuwa njia ya kiti, ilikuwa njia ya mbuzi.

Jirani akasema Shangazi atumie mlango wa nyuma, huko kuna tofauti ya sentimita 20 tu. Kwa hesabu ni kweli, na nilishaanza kushika futi. Shangazi akasema, "Mimi si mzigo wa kuni." Nikaiweka futi mfukoni.

Mwingine akasema vijana wapo, wambebe. Hilo nalo alilijibu mwenyewe: "Siku ya kwanza watanibeba wanne wanacheka. Mwezi ukiisha nitawangoja wawili saa nzima. Halafu nitakaa nyumbani nishone peke yangu, kama nilivyokuwa."

Mwenye nyumba ndiye alikuwa mgumu. Nilimsomea ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Nikamwongezea na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Katiba ndiyo itakayolipa mbao. Siku hizi iko sheria mpya ya 2025, lakini namjua, angeuliza vile vile.

Jambo lililonifungua macho sikulipata kwenye mchoro wala kwenye sheria. Nilikwenda Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa hapa, kwa shughuli nyingine, harusi, nikakaa karibu na fundi wa mashua. Nikamlilia shida yangu. Yeye hajawahi kujenga nyumba maishani mwake. Akachora mchangani kwa kijiti, akaniuliza, "Hicho kizingiti unapigana nacho kwa nini? Kama huwezi kukishusha, ipandishe sakafu ikifuate. Weka sitaha."

Sitaha! Nilikuwa nikiwaza vijiteremko viwili vidogo, cha kupanda kizingiti na cha kushuka, na kile cha nje kilikuwa kikila nafasi yote ya daka, kiti kikakosa pa kugeukia, maana kiti kinataka kama mita moja na nusu kuzunguka. Yeye akaitandika daka nzima kwa mbao, juu kwa sentimita 10, sawasawa na kizingiti. Unapita juu yake kama hakipo, na nakshi haiguswi hata kwa patasi. Ndani ya tekani ndipo kuna kiteremko cha kushukia, mita 1 na 20, na hapo nafasi ipo.

Na nje? Sentimita 44 zote mara 12, ni mita 5 na sentimita 28. Kwenda njiani haiwezekani, lakini ubavuni mwa nyumba kuna ukuta mtupu wa mita saba. Mteremko ukalala na ukuta. Wa mbao, vipande vitatu, umesimama kwa miguu ili maji ya mtaro yapite chini yake, na vijana wawili wanauinua wakitaka kusafisha. Njia ikabaki na nafasi ya punda na mwenye punda. Nikampelekea afisa mchoro kabla ya kukata hata ubao mmoja, nimejifunza. Alichotaka kujua ni kimoja: ukiondolewa kesho, nyumba itabaki ilivyokuwa? Nikamwambia hakuna msumari hata mmoja ukutani. Akaridhika.

Mbao ni mbambakofi za mashua iliyokufa, tulizipata kwa bei ya kirafiki. Pamoja na ufundi na kuvusha kwa mashua zilikula kama elfu hamsini, labda na kitu, sikuandika yote. Usawa niliupima kwa mpira wa maji, ule unaojazwa maji nayo hukaa kimo kimoja ncha zote mbili. Vijana wananicheka na simu zao zenye vipimo. Mpira wa maji hauishiwi chaji.

Sasa kisa cha paka. Fundi wa mashua alipomaliza alifanya anavyofanya kwa kila chombo chake: akaupaka mteremko mzima sifa, yale mafuta ya papa. Mimi sikuwepo. Asubuhi nakuja nakuta paka wa Mkomani wote, hata wa mtaa wa Langoni nadhani walipata habari, wamejipanga kwenye mteremko wanaramba mbao. Harufu imefika msikitini. Na mbao zinateleza, kiti kingeteleza hadi baharini. Tulisugua kwa majivu na sabuni siku mbili. Halafu nikapaka vanishi, na kabla haijakauka nikanyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa, kama unavyonyunyiza ufuta juu ya mkate. Ikikauka unapaka tena mara moja. Mvua inyeshe, gurudumu linashika. Hiyo hila ni yangu, sikufundishwa na mtu.

Mlango haukuwa na kazi kubwa. Upande mmoja ukifunguliwa peke yake unatoa sentimita 52, na kiti cha Shangazi kina 66. Kwa desturi upande wa pili hufungwa kwa komeo, hufunguliwa kwa harusi na jeneza. Siku hizi hufunguliwa zote mbili saa mbili asubuhi na kutiwa kulabu. Mwenzao mwingine asiyeona vizuri nilimpakia chokaa nyeupe kwenye kingo za kila ngazi, akasema afadhali.

Choo ndicho kilichonidhalilisha mara ya pili. Nilifunga bomba la kushikia ukutani kwa skrubu na plagi, kama nilivyofundishwa. Shangazi alilishika ajaribu, likaja na donge la lipu sawa na boga. Kwa bahati alikuwa bado hajauachia mkono wa kiti. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna meno ya kuishika skrubu. Nilichofanya ni kutoboa ukuta mpaka upande wa pili, nikapitisha bolti ndefu, na huko nyuma nikaweka ubao mpana wa kuibana. Bomba ni la chuma kisichoshika kutu, liliagizwa Mombasa. La kawaida hapa hewa ya chumvi hulimaliza mapema. Mlango wa choo uliokuwa ukifungukia ndani niliung'oa nikautundika ufungukie nje. Kazi ya nusu saa, na ndiyo waliyonishukuru zaidi.

Lililonishinda ni gati. Shangazi akienda Mokowe, ng'ambo ya bara, bado anategemea mikono ya mabaharia, na maji yakipwa mashua inakaa chini kabisa ya ngazi. Mara moja nimekaa pale na mpira wangu wa maji nikahesabu mita ngapi zingehitajika, nikaukunja nikaenda zangu.

Wazee wa baraza ndio walioleta shauri jipya. Baraza za ndani ya daka hazikuhama, lakini sakafu imepanda sentimita 10, kwa hiyo wakikaa magoti yanawafika kidevuni. Walilalamika juma zima. Kisha wakahamia kwenye mteremko wenyewe, wakakaa kwa mstari wakiegemea ukuta, vikombe vya kahawa juu ya kingo niliyoiweka magurudumu yasichomoke. Shangazi hushuka saa kumi na moja jioni. Hagongi kengele wala hasemi hodi. Anaachia tu breki, nao husimama.

Na mwishoni mwa mteremko, upande wa njiani, fundi wa mashua alipigilia jicho: duara la mbao, jeupe na jeusi, kama yale ya omo, pua ya mbele ya mashua. Halikuwemo kwenye mchoro. Afisa alipokuja kukagua aliliinamia, akaniuliza hili la nini. Nikamwambia amwulize mwenyewe, Matondoni si mbali.