Nilivyoandika wasifu wa Kolo bila kuanzia kwenye michoro

Ukisoma habari za Kolo, mara nyingi utakuta kijiji kimetajwa katika sentensi ya kwanza na kusahauliwa katika ya pili. Kinachobaki ni michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006: zaidi ya sehemu 150 zenye michoro, zimetapakaa katika kilomita za mraba 2,336 za vilima na ukingo wa Bonde la Ufa. Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa kijiji chenyewe. Nilitaka msomaji akimaliza awe amewaona watu wanaoishi hapo, na mawe ayaone kupitia kwao.

Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu inayotoka Dodoma kwenda Babati na Arusha. Wengi wa wakazi ni Warangi, wakulima, na wengi ni Waislamu. Wanalima mahindi, mtama, uwele, alizeti, mbaazi. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na tangu hapo mabasi hupita kwa kasi, abiria wengi wakiwa wamelala. Ukiacha ngurumo ya malori, mchana ni kimya kabisa: watu wako shambani, na waliobaki wamekaa kivulini.

Nilianzia ofisi ya kijiji, kwa mtendaji, nikiwa na barua ya utambulisho kutoka halmashauri. Hilo nalisisitiza kwa yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii. Mgeni anayezunguka na daftari vijijini bila kujulikana huwatia watu wasiwasi, hasa sehemu kama Kolo ambako, kama nitakavyoeleza, wako waliokuja kwa nia mbaya. Mtendaji alinikabidhi kwa mjumbe mmoja, na mjumbe akanipeleka kwa wazee.

Sikuwauliza wazee kuhusu vivutio. Ukiuliza vivutio, utajibiwa kama mtalii. Kila nyumba niliuliza hivi: mgeni wako akipiga simu kwamba ameshuka barabarani, unamwelekeza apitie wapi? Swali hilo lilifungua kila kitu. Nikasikia habari za msikiti, mashine ya kusaga, mkuyu mkubwa ulio karibu na mto, shule, na korongo. Korongo lilirudi karibu kila mahali: pita kushoto mwa korongo, vuka korongo, usishuke korongoni jioni mvua ikitisha. Michoro hakuitaja mtu.

Mzee mmoja, baada ya shikamoo na marahaba nyingi, aliniambia waziwazi, "Mjukuu wangu, kama unaandika Kolo, anza na korongo. Hilo ndilo lililotuondolea ng'ombe."

Alikuwa anazungumzia jambo kubwa. Vilima vya Irangi, yaani vilima hivi vya Kondoa, vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba udongo mwekundu ulikatika kuta ndefu kuliko mtu, na mchanga ukashuka kufunika mashamba ya mabondeni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu huko anauita HADO. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, wakazuia kingo za makorongo. Kisha mwaka 1979 likaja agizo zito kuliko yote: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika. Wapo waliopeleka ng'ombe kwa ndugu zao nje ya eneo hilo, wapo waliouza. Kwa familia ambayo mahari, maziwa, mbolea na heshima vilitoka zizini, huo ulikuwa msiba. Wazee wanausimulia kwa sauti ya chini, na sikuona sababu ya kuwaharakisha.

Lakini mzee huyohuyo alininyooshea kidole mlimani. Vichaka na miti vimerudi. Vijana waliokuwa nasi hawakuamini kwamba mlima ule uliwahi kuwa mtupu. Nilichagua kuandika mambo yote mawili kwa uzito uleule, uchungu wa kuondolewa mifugo na uzuri wa miti iliyorudi, kwa sababu yote mawili yanatoka vinywani mwao na hakuna linalofuta lingine. Sasa wapo wanaofuga ng'ombe wa maziwa kwa kuwalisha zizini.

Mto nao niliupa aya yake. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na maji yanapatikana kwa kuchimba mchangani. Asubuhi na mapema, hapo ndipo mahali pazuri pa kusikiliza habari za kijiji.

Ndipo nikaenda kwenye mawe. Utaratibu unaanza ofisi ya mambo ya kale iliyo hapo kijijini, unaandikishwa, unalipia kiingilio, unapewa mwongozo. Mungomi wa Kolo, mwamba unaojulikana zaidi, uko kilomita kama 9 kutoka barabarani, na sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu, mwinuko mkali. Ukifika juu unaona bonde lote.

Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, kazi ya wawindaji na wakusanyaji matunda waliotumia rangi itokanayo na mawe yenye chuma. Watu wake ni warefu, wembamba kama fito, vichwa vyao vina maumbo ya ajabu, na kando yao kuna twiga, tembo, pofu. Kuna picha moja niliyoitazama hadi mwongozo akakaa chini: watu kadhaa wameshikana, na aliye katikati anavutwa huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyeinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliiona kuwa ni tukio la utekaji. Wengine baadaye wameona ngoma ya uponyaji, watu wakimshika mwenzao aliyepandwa na pepo. Mimi nimeegemea tafsiri ya pili, maana ile mikono inashika kwa namna ya kutegemeza. Michoro myeupe ni ya baadaye, minene, ya vidole, na huhusishwa na wakulima.

Karibu na hapo ndipo kazi yangu ilipohitaji uangalifu zaidi. Mungomi wa Kolo si makumbusho kwa wenyeji. Watu bado huenda kuomba mvua na kutafuta uponyaji, na katika tambiko pombe ya nafaka hurushwa kwenye mwamba. Wahifadhi wana hofu, kwa kuwa pombe inaharibu rangi. Wazee wana hofu yao, kwamba mwamba usiotambikiwa utageuka jiwe tu. Niliomba ruhusa ya kuandika kwamba matambiko yapo, nikawauliza wanataka nisitaje nini. Walikaa wakashauriana kwa Kirangi, kisha wakanipa masharti: maneno yanayosemwa hayaandikwi, na mahali hasa wanaposimama hapapigwi picha. Nilikubali mbele ya mjumbe. Naamini makala haikupungukiwa na kitu kwa hilo.

Jambo lililonisumbua ni la hazina. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kondoa, na tangu hapo umebaki uvumi kwamba Wajerumani walifukia mali kwenye mapango. Kuna watu wamechimba chini ya miamba yenye michoro wakitafuta mali hiyo. Nilijiuliza kama kuutaja uvumi ni kuuchochea. Nikaamua kuandika kuhusu mashimo yenyewe, na hasara yake: udongo ulio chini ya michoro ndio wenye masalia ya wale waliochora, na ukishavurugwa haupangiki tena.

Rasimu niliisoma kwa sauti barazani, chini ya ule mkuyu, kabla ya kuituma. Kinamama waliniuliza kwa nini mashine ya kusaga imepewa mstari mmoja wakati ndipo wanapokutana kila wiki, nikaongeza. Mzee wa korongo alitaka mwaka 1979 uandikwe mwanzoni kabisa, nikauweka hapo. Aya ya tambiko waliisikiliza mara mbili na kuiacha kama ilivyo. Nakala moja iko ofisi ya kijiji, nyingine iko kwa mwongozo wa michoro, ambaye ameniahidi kuwasomea wageni ukurasa wa korongo kabla hawajaanza kupanda.