Pedeli ya gia ililika meno, kila mtu akaniambia nichomelee

Kila niliyemweleza kwamba pedeli ya gia ya pikipiki yangu, Honda CG125, inazunguka bure kwenye shafti kwa kuwa meno ya ndani ya tundu lake yamelika, alikuwa na dawa moja: chomelea, yaishe. Itaisha kweli, pamoja na sili ya oili, maana iko hapo hapo nyuma na moto ule inaupata wote. Halafu ngoja siku utake kufungua kifuniko cha kushoto cha injini: pedeli haitoki tena, tafuta grainda. Pikipiki hizi zilianza kutoka mwaka 1976, na zilizobaki zimebaki kwa sababu kila kitu chake kinafunguka. Sikuchomelea.

Bingwa mwingine akasema nikate bati la kopo la soda, nizungushie shafti. Nikajaribu, kwa kuwa ni la bure. Ikakaza! Nikaondoka kifua mbele. Katikati ya mlima nataka kushusha gia, nakanyaga, pedeli inalala chini yenyewe kama sikio la mbuzi. Nimekwama gia ya nne, injini inakohoa, nyuma yangu lori linapiga honi kama nimemwibia mtu. Nilipofungua, bati lilikuwa limesagika likawa unga unaong'aa. Nilirudi na plaizi ya kujibana imeng'ata ncha ya shafti, nabadilisha gia kwa kuigonga na kisigino. Inafanya kazi, nawaambieni.

Sasa, ambacho hakuna bingwa aliyekiangalia ni ule mpasuo wa pedeli, pale bolti inapobana. Meno yakilika mpasuo nao unajifunga mpaka kingo zinagusana. Ukifika hapo, kaza utakavyo: bolti inabana kingo kwa kingo, shafti haina habari. Kwa hiyo nikaifunga pedeli kwenye jiliwa, nikafunga bledi mbili za msumeno wa chuma kwenye fremu moja (huo ndio ufundi wenyewe, bledi moja inakata nyembamba mno) nikapitisha kwenye mpasuo. Nafasi ikarudi. Meno ya shafti huwa magumu kuliko ya pedeli, hivyo yangu yalitaka brashi ya waya tu na tupa ndogo ya pembe tatu. Na tafadhali, bolti itoe yote kabla ya kuvuta pedeli. Kwenye pikipiki nyingi inapita kwenye mfuo wa shafti, wala pedeli hutaitoa kwa nyundo.

Pedeli ilikaa muda mrefu bila kulegea tena, gharama ikiwa bledi na jasho. Baadaye nilinunua mpya kwa hela isiyouma, ila nilikwenda na ile ya zamani mkononi, tukahesabu meno, kwa sababu dukani wanakwambia zote ni moja. Nikaweka na bolti mpya ya milimita 6, spana namba 10, nikaikaza tena baada ya kuendesha kidogo. Ile niliyoikata naibeba na spana zangu. Anayeitaka aiazime, ila airudishe.