Paa la mama, Isevya, Tabora: kumbukumbu ya ukarabati tangu upepo wa Novemba

16 Novemba

Upepo ulitangulia, mvua ikafuata. Mama alikuwa anaanua nguo akasikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na dakika kumi hazijaisha upande mzima wa magharibi wa paa ukawa umelala juu ya mwembe wa jirani, mabati na papi, zile mbao yanapopigiliwa, bado vimeshikana. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Kati ya mabati 64 yameondoka 38.

Nilipanda ngazi kabla giza halijaingia. Ile mbao ndefu ya juu ya ukuta, inayobeba kenchi (fremu za mbao za paa), imeng'oka yote, na matofali yaliyokuwa chini yake yamebaki yamepangana vizuri, hata moja halikumeguka. Nikaokota vipande vitatu vya waya mwembamba wa kufungia nondo, vimeliwa na kutu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinalishikilia paa kwa miaka 19.

17 Novemba

Turubai mbili, kamba ya katani, mifuko sita ya mchanga. Kitanda na kabati la mama vimehamia chumba cha mashariki. Fundi aliyekuja asubuhi akaniambia, "Mwalimu, hii kazi ya siku tatu. Tunarudisha mabati yalivyokuwa." Moyo ulitaka kukubali, maana msimu wetu Tabora ukishaanza Novemba haukuachi mpaka Aprili. Lakini nilikuwa na vile vipande vya waya mfukoni. Nikamwomba anipe wiki.

Usiku nilisoma jinsi wenzetu wanavyofanya huko Florida, Marekani, ambako vimbunga ni jambo la kila mwaka. Kufunika nyumba na kufanya matengenezo ya dharura hakusubiri kibali. Unafanya, kisha maombi yanafika ofisini siku ya kazi inayofuata. Matengenezo yenyewe ndiyo yenye masharti. Kwenye maeneo ya mafuriko, gharama ya kutengeneza ikifika nusu ya thamani ya nyumba kabla ya kuharibika, huruhusiwi kuirudisha ilivyokuwa: lazima uifikishe kwenye kanuni za sasa, hata kama ni kuinyanyua juu zaidi. Ukali huo umetokana na msiba. Kimbunga Andrew kilipita kusini mwa Florida Agosti 1992, mapaa yakang'oka kwa maelfu kwa sababu hayakufungwa vizuri, na kufikia Machi 2002 jimbo lote likawa na kanuni moja ya ujenzi.

Sisi hatupigwi na vimbunga. Hata Hidaya, Mei 2024, aliishia pwani. Ya kwetu ni hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi na kutawanyika chini kwa kasi. Haidumu, lakini bati halijui tofauti.

19 Novemba

Nimekwenda manispaa kuomba kibali, nikiwa na barua ya mtendaji wa mtaa, nakala ya hati ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi na picha nne. Nilikuwa na mipango mikubwa: kubadilisha paa la pande mbili liwe la pande nne, maana upepo hupata pa kukamata kwenye ule ukuta wa pembetatu, na kumwongezea mama kibaraza mbele.

Afisa akanitenganishia mambo. Kurudisha paa la umbo lilelile juu ya kuta zilezile ni ukarabati: barua, mchoro mdogo wa jinsi paa litakavyofungwa, ukaguzi, malipo kwa namba utakayopewa. Kubadili umbo la paa au kuongeza kibaraza ni ujenzi. Hapo unaleta michoro kamili ya msanifu, na inapitia mipango miji, ardhi, afya na mhandisi. Tena kibaraza changu kingeingia kwenye nafasi inayotakiwa kubaki wazi kati ya nyumba na barabara. Alinichorea kwa penseli nikaona mwenyewe.

Nimekiacha kibaraza. Imeniuma, kwa sababu mama alishaanza kusema kiti chake kitakaa wapi.

25 Novemba

Mhandisi amekuja kukagua. Hakuuliza bati la geji (unene) gani wala mbao zimetoka wapi. Aliweka kiganja juu ya ukuta akauliza, "Hapa kenchi zitafungwa na nini?"

Fundi akajibu waya. Mhandisi akapiga hesabu nyuma ya bahasha, nami nikainakili hapa kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kazi yote. Upepo wa kilomita 108 kwa saa ni mita 30 kwa sekunde, na unaweza kulivuta paa kuelekea juu kwa nguvu ya takriban kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Bati la geji 30 halifiki kilo 4 kwa mita hiyo, na hata ukijumlisha mbao, uzito ni mdogo mno kulibakiza paa chini. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwenye kingo na pembeni mvuto ni mkali zaidi, ndiyo maana paa la mama lilianza kufunguka kwenye ukingo wa magharibi.

Siku zote nilidhani kazi ya ukuta ni kulibeba paa. Kumbe siku ya upepo kazi yake ni kulizuia lisipae.

2 Desemba

Kibali kimetoka, chenye sharti moja: mkanda wa zege juu ya kuta zote, na mhandisi auone kabla paa halijafungwa. Gharama imepanda. Fedha nilizoweka kwa ajili ya dari zimehamia kwenye saruji na nondo.

7 Desemba

Shule imefungwa, sasa nashinda hapa. Tumemwaga mkanda: nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga kila sentimita 20, zege la kipimo kimoja cha saruji kwa viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Kila mahali kenchi itakapokaa tumeacha kipande cha nondo ya milimita 8 kimesimama nje ya zege, kimepindwa kwa chini na kunasa kwenye nondo za mkanda. Vipande 26. Nimevihesabu mara mbili, vikiwa 25. Kimoja kilikuwa kimezama upande wa jikoni. Tukakifukua zege likiwa bado bichi.

14 Desemba

Siku saba za kumwagilia maji asubuhi na jioni. Mama amefanya zamu nyingi kuliko mimi. Mvua imepiga mara mbili, turubai moja imechanika.

19 Desemba

Kenchi zimepanda. Mbao za zamani nimezigonga na nyundo moja moja: 11 zimelia bovu, mchwa wamekula katikati na kuacha ganda. Mpya ni za Mafinga zilizotiwa dawa. Kila nondo inapandishwa juu ya mbao ya ukutani, inakunjwa kwa bomba na kupigwa hadi ilale. Kisha kenchi nayo inafungwa kwenye mbao hiyo kwa bamba la chuma lenye misumari pande zote mbili, kwani ukifunga mbao na ukuta ukaiacha kenchi, upepo utaondoka na kenchi.

Fundi alianza kazi hii akinung'unika. Leo yeye ndiye aliyenirudisha juu nikaone bamba lililokosa msumari.

23 Desemba

Mhandisi ameona, amesaini. Mabati yamepigwa siku mbili. Misumari ya kofia yenye mpira, kwenye mgongo wa bati, na kwenye kingo tumeipiga karibu karibu, kila mgongo badala ya kuruka mmoja. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta tumeupunguza kutoka sentimita 90 hadi 50. Mabati 22 ya zamani yamefaa kutumika upande wa nyuma.

4 Januari

Upepo wa jana usiku ulivunja tawi la mwembe uleule. Asubuhi nimezunguka na ngazi: hakuna msumari ulionyanyuka. Unyevu umeingia sehemu moja, kwenye bati la kofia linalofunika kilele cha paa, upande wa jikoni, nitaiziba Jumamosi. Dari itasubiri mshahara wa Machi. Jirani mwenye mwembe amekuja na futi yake kupima jinsi tulivyokunja zile nondo, nami nimempa mchoro pamoja na nakala ya barua ya maombi, abadilishe jina na namba ya kiwanja tu.