Nilivyopata wastani wa kuaminika kwenye vipimo vya upepo, kelele, pH na vinginevyo

Kujumlisha na kugawa kulinitosha kwenye halijoto. Kwenye upepo, kelele na pH (kipimo cha asidi), hesabu hiyohiyo ilitoa namba za kupendeza lakini zisizo za kweli. Ndipo nikaanza kujiuliza swali moja kabla ya kugusa safu yoyote ya data: ni kitu gani hasa kinachojumlishika hapa?

Mwelekeo wa upepo ndio ulionipa kazi zaidi. Chukua vipimo viwili, nyuzi 350 na nyuzi 10. Upepo unatoka kaskazini, lakini wastani wa kawaida ni 180, yaani kusini kabisa. Nilibadili kila pembe kuwa saini na kosaini, nikatafuta wastani wa kila safu peke yake, kisha nikairudisha pembe kwa ATAN2, kanuni ya lahajedwali inayotoa pembe kutokana na saini na kosaini. Jibu likiwa hasi, naongeza 360. Hapa pana mitego miwili. Lahajedwali hutaka radiani (kipimo kingine cha pembe), si nyuzi. Halafu Excel hutaka kosaini itangulie ndani ya mabano, ilhali lugha nyingi za programu hutanguliza saini. Ukibadilisha mpangilio, upepo wa kaskazini utasomeka kuwa wa mashariki. Huwa pia napiga wastani wa saini na wa kosaini kila mmoja kwa kipeo cha pili, nazijumlisha, natafuta kipeuo cha pili. Jibu likikaribia 1, upepo umeshika upande mmoja. Likikaribia 0, hakuna mwelekeo wa kuripoti, na kisanduku nakiacha wazi.

Kasi ya upepo inategemea unaitakia nini. Kwa taarifa ya hali ya hewa, wastani wa dakika 10 unatosha, na dharuba hupimwa kwa sekunde 3. Kwa nishati ya upepo, kinachohesabika ni kipeo cha tatu cha kasi. Mita 4 kwa sekunde nusu ya muda na mita 12 nusu nyingine hutoa wastani wa 8, ambao kipeo chake cha tatu ni 512. Wastani wa vipeo vyenyewe ni 896. Ukitumia ule wa kwanza, zaidi ya theluthi moja ya nishati imepotea kwenye karatasi.

Kelele nayo: desibeli ni logi (logarithimu ya msingi wa 10), na kinachojumlishika ni nishati. Gawa kila kipimo kwa 10, pandisha 10 kwa jibu hilo, tafuta wastani, chukua logi yake, zidisha kwa 10. Nusu saa ya desibeli 60 na nusu saa ya 80 hutoa 77, si 70. pH pia ni logi, kwa hiyo kwa asidi ya maji ya mvua narudi kwenye mkolezo wa ioni za hidrojeni, nao nauzidisha kwa ujazo wa kila mvua kabla ya kujumlisha. pH 5 na pH 7 zenye ujazo sawa hutoa 5.3.

Swali gumu zaidi ni muda: nikusanye vipimo kwa muda gani kabla ya kutafuta wastani? Wengi huamini kwamba kadiri vipimo vinavyoongezeka ndivyo kosa linavyopungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Hiyo ni kweli pale tu kila kipimo kinapojitegemea. Kama uhusiano kati ya kipimo na kinachofuata ni 0.9, mara nyingi idadi ya vipimo vinavyojitegemea ni takriban n(1−r)/(1+r), ambapo n ni idadi ya vipimo na r ni uhusiano huo. Vipimo 600 vilivyokusanywa kwa dakika 10 vinabaki na thamani ya takriban 32.

Tena usomaji wa kihisi (kifaa kinachopima) huhama polepole wenyewe, hata kinachopimwa kisipobadilika. Kujua ni lini kuongeza muda wa wastani hakuna faida tena, nilitumia mbinu ambayo David Allan aliichapisha mwaka 1966 kwa ajili ya saa za atomu. Kiache kihisi saa kadhaa mahali pasipobadilika. Gawa data katika vipande vya sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kuendelea. Kwa kila urefu, tafuta wastani wa kila kipande, toa wastani wa vipande vinavyofuatana, piga tofauti kwa kipeo cha pili, pata wastani wake, gawa kwa 2, chukua kipeuo cha pili. Chora majibu hayo dhidi ya urefu wa kipande, kwa mizani ya logi pande zote mbili. Mstari hushuka, hulala, kisha hupanda. Pale chini kabisa ndipo ninapokomea. Kuendelea kukusanya baada ya hapo ni kuongeza kosa.

Kabla ya haya yote, futa namba za kujazia kama −9999, zinazowekwa pale kipimo kinapokosekana, maana moja tu huvuruga wastani wa saa nzima. Pamoja na kila wastani naandika idadi ya vipimo. Vikiwa chini ya asilimia 75 ya vinavyotarajiwa, situmii. Naandika pia kama muda uliotajwa ni mwanzo au mwisho wa kipindi, kwa sababu faili mbili zilizopishana kwa kipindi kimoja huonekana sawa kabisa mpaka uzilinganishe mstari kwa mstari.