Mbuzi ya Nazi Ndiyo Iliyonirudishia Sanduku

Shemeji yangu huenda Dubai kila mwaka kuchukua bidhaa, basi nilipokata tiketi ya Toronto akaniketisha kunipa mawaidha. "Dada, sanduku likikawia usijisumbue pale uwanjani. Enda zako ukalale, watakupigia wenyewe." Tangu nirudi Mombasa nimeusikia ushauri huo kwa watu watatu wengine, na kila nikiusikia damu yanichemka.

Ilikuwa mwezi wa Februari, binti yangu amejifungua. Nilivuka feri Likoni alfajiri, nikafika uwanja wa Moi mapema, kisha ndege ikachelewa saa nne na ushei. Tulipofika mji wa kubadilishia, ya pili ilishaondoka. Tiketi yangu ilikuwa moja, kutoka Mombasa mpaka Toronto, kwa hivyo walinipa hoteli, chakula na nafasi ya kesho yake bila kunidai senti. Kijana mmoja wa Kisauni alikuwa amekata tiketi mbili mbalimbali kwa kufuata urahisi wa bei. Yeye alinunua upya, na nilimuona akimpigia mamake simu huku machozi yanamtoka.

Ukihamishiwa ndege nyingine, usidhani sanduku limehamishwa nawe. Toronto mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukasimamishwa, langu halimo. Mimi nimevaa dera na sweta, nje theluji. Alhamdulillahi dawa zangu za presha zilikuwa mkobani, ingawa shemeji alitaka nizitie sandukuni nisafiri mikono mitupu.

Karani wa mizigo alinishauri nikajaze fomu nyumbani. Nikamwambia kwa upole kwamba sitoki pale bila karatasi yenye nambari ya ripoti. Alinitazama, nami nikamtazama. Akaitoa fomu.

Hapa ndipo ninapojivunia. Fomu iliuliza rangi ya sanduku: jeusi, kama masanduku yote duniani. Ikauliza kilichomo. Wengi huandika "nguo" wakaondoka. Mimi nilikuwa nimembebea binti yangu mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, na kwa kuwa ulimi wake ni chuma chenye meno, haingeruhusiwa mkononi, ilibidi iwe sandukuni. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na kuchora najua. Nikageuza karatasi, nikaichora mbuzi yote: kiti, miguu iliyopishana, ulimi na meno yake. Kando nikaeleza kwa Kiingereza kazi yake, maana ukiandika mbuzi tu watatafuta mnyama. Kabla sijampa karani nikaupiga picha ule mchoro kwa simu. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kuniokoa.

Siku tano nilipiga simu kila asubuhi. Siku ya sita wakaniambia nambari ya sanduku langu haionekani popote. Nilikuwa nayo, tarakimu 10, kwenye kile kipande kidogo walichonibandikia nyuma ya pasipoti Mombasa. Nikawauliza: je, kama kibandiko cha sanduku lenyewe kimekatika njiani, mtaisoma nambari wapi? Kimya. Nikawaambia waache nambari, watafute mbuzi, na nikawatumia ile picha pamoja na orodha ya kila kitu, mpaka chupa ya mafuta ya nazi na kikoi cha mkwe wangu.

Siku ya nane mwanamke alinipigia kutoka mji ule tuliobadilishia ndege. Alikuwa ghalani anafungua masanduku meusi yasiyo na kibandiko. Katika la nne amekuta kitu cha mbao chenye meno, amekiweka kando ya mchoro wangu. Akaniuliza kimefungwa kwa kitu gani. "Kwa leso," nikamjibu, "mji mwekundu, pindo nyeusi, na ina maandishi." Akaanza kunisomea herufi moja moja, Kiswahili hakijui: M, G, E, N, I... Mimi nikammalizia: Mgeni njoo mwenyeji apone. Tulicheka sote wawili, kisha nikalia.

Sanduku lililetwa mlangoni siku ya tisa.

Madai nayo yana saa yake. Kenya na Kanada zote zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa unaohusu fidia kwa abiria wa ndege na mizigo yao. Mzigo ukichelewa, unadai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Ukiharibika ni siku 7 tu. Na usipofika kwa siku 21 unaweza kulidai shirika kama mzigo uliopotea. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria, kama dola elfu mbili za Marekani hivi, lakini hicho ni kikomo, hupewi zote. Unalipwa ulichothibitisha. Nilikuwa nimenunua koti, viatu vya theluji, nguo za ndani na mswaki, nikapeleka risiti na nambari ya ripoti siku ya pili baada ya kupokea sanduku.

Miezi miwili baadaye ziliingia shilingi elfu thelathini na kitu. Koti walilipa lote. Viatu hawakulipa, kwa sababu mkwe wangu aliitupa risiti pamoja na boksi, na mpaka leo tukizungumza kwenye simu namkumbusha.